Maswali ya wasomaji: Shilingi ya simba na herufi B.M.

Barua za sarafu na medali zimekuja kadhaa, na kwa kuwa zote zinamgusa mchongaji mmoja nimeona niziweke pamoja.

SWALI: Shikamoo mhariri. Babu yetu alifariki huku Majengo, Moshi, tulivyofungua sanduku lake tukakuta shilingi za simba nyingi tu, mfalme ni George wa tano kavaa taji, miaka ni 1921 mpaka 1925. Fundi saa mmoja mjini akaniazima lenzi yake, nikaona herufi B.M. ndogo sana pale kifua cha mfalme kinapoishia, akaniambia huyo ni mchongaji mkubwa. Sasa nimenogewa, nataka nikusanye vitu vyake, sarafu na medali. Ila sonara ananisumbua nimuuzie zote kwa uzito wa fedha. Nifanyeje na nianzie wapi? (Kijana wa Majengo)

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba. Tuanze na sonara maana ndo anakuharakisha. Shilingi ya simba ya miaka hiyo ina gramu 7.8 hivi na fedha iliyomo ni robo tu, sehemu kubwa ya hiyo iliyobaki ni shaba, kwa hiyo ukipiga hesabu fedha yenyewe kwenye kila moja haifiki hata gramu 2. Atakulipa hela kidogo sana, atayeyusha, na kazi ya mtu itakuwa imepotea kabisa. Usiuze.

Huyo B.M. ni Bertram Mackennal, Mwaustralia, kazaliwa Melbourne mwaka 1863, na baba yake naye alikuwa mchongaji. Akaenda Ulaya kutafuta maisha, London na Paris, na sanamu iliyomtoa ni Circe, yule mwanamke mchawi wa hadithi za Wagiriki, kasimama uchi kanyoosha mikono mbele. Aliionyesha Paris mwaka 1893, mwaka uliofuata ikaenda Royal Academy, chama kikubwa cha wasanii kule London, na wakubwa wa pale wakaona aibu na vile viwiliwili vya watu vilivyojikunja kuzunguka kitako cha sanamu, yaani pale chini inaposimama, wakapafunika hapo, mwanamke mwenyewe wakamwacha vilevile! Baadaye huyuhuyu ndo akapewa kazi ya kaburi la mfalme Edward wa saba kule Windsor, na sura ya George wa tano kwenye sarafu za himaya nzima ya Kiingereza. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1921, mwaka uleule ulioandikwa kwenye shilingi za kwanza za babu yako. Akafariki 1931.

Nataka uelewe kitu kimoja hapa maana wengi hawakijui. Enzi hizo sura ya kwenye sarafu haikuchorwa na mtu wa kiwandani kwa udogo ule. Mchongaji aliifinyanga kwanza kubwa, kama sinia, ikatolewa kwenye plasta, halafu kulikuwa na mashine iliyopita taratibu juu ya ile kubwa huku upande wa pili ikichonga ileile kwa udogo kwenye chuma, na hicho chuma ndo kilikuwa chanzo cha muhuri uliopiga sarafu. Kwa hiyo ule mkunjo wa joho na zile ndevu unazoziona kwenye lenzi vimetoka kwenye vidole vya mtu aliyechonga kaburi la mfalme, na umevirithi kwenye sanduku Majengo. Kazi ya mchongaji wa kiwango kile kwa bei ya shilingi kuukuu, mimi sijaona kitu kingine kinachofanana na hicho, ndo maana nakwambia anzia hapohapo ulipo. Tafuta moja ya kila mwaka iliyo safi kuliko zote, ambayo manyoya ya simba bado yanahesabika na B.M. inasomeka, halafu ongezea nusu shilingi za enzi hizohizo, nazo zina sura yake. Zile senti zenye tundu katikati hazina sura ya mfalme, na shilingi za kuanzia 1937 ni George wa sita, kazi ya Percy Metcalfe, mtu mwingine kabisa, kwa hiyo mtu asikuuzie hizo kwa jina la Mackennal.

Ukishazoea geukia rupia ya India ya mwaka 1911, na hapa pana kisa. Mackennal alimchonga mfalme kavaa joho lenye mkufu, na kwenye mkufu kuna tembo mdogo, sasa mkonga ukatokea mfupi na watu walivyoipata mkononi wakasema huyu si tembo, huyu ni nguruwe. Fikiria, mamilioni ya Waislamu waambiwe wabebe nguruwe mfukoni! Serikali ikazirudisha nyingi zikayeyushwa, mwaka 1912 tembo akatoka upya na mkonga unaoonekana. Kwa hiyo rupia yoyote halali yenye mwaka 1911 ni ile ya mwanzo, na kwa kuwa rupia za India zilitumika sana Afrika Mashariki kabla ya 1920, waulize wazee wenye makopo ya zamani, hasa familia za wafanyabiashara. Uzito wake uwe gramu 11.66, ikiwa imelika ipungue kidogo tu. Mpelekee huyohuyo sonara akupimie. Ukiona ina vitundu vidogo kama imemwagwa kwenye kalibu, au ukingo una mstari wa kuungia, achana nayo.

Medali sasa. Mackennal ndo aliyechonga medali za Olimpiki ya London ya 1908, upande mmoja wanawake wawili wanamvika mwanariadha taji, upande wa pili Mtakatifu George na joka. Hizo za washindi sahau, bei yake ni ya matajiri. Ila walioshiriki walipewa medali yao nyingine, nayo kachonga yeye, ina gari la kukokotwa na farasi wanne, hiyo inaonekana kwenye minada ya nje. Rahisi zaidi ni ile ya kutawazwa kwa George wa tano mwaka 1911. Kwangu mimi hii ya 1911 ndo ununue kwanza, maana utaiweka pembeni ya shilingi ya babu uone mkono uleule ukiwa na nafasi kubwa ya kufanya kazi.

SWALI: Habari ya kazi. Nipo Sanawari, Arusha. Kuna jamaa ana meza ya vinyago ananiuzia nishani ya fedha, upande mmoja mfalme, wa pili mwanaume uchi juu ya farasi, chini kuna fuvu la kichwa. Ukingoni pamechapwa namba, jina la mtu na herufi K.A.R. Ni ya thamani?

JIBU: Nzuri kaka. Hiyo ni nishani ya Uingereza ya vita ya kwanza, ile ya 1914 mpaka 1918, na kichwa cha mfalme ni cha Mackennal huyohuyo, ila yule mpanda farasi ni wa William McMillan. Kipenyo kiwe milimita 36. Zilitoka mamilioni, kwa hiyo kama kitu cha sanaa peke yake si adimu hata kidogo, thamani yote iko kwenye ule ukingo. K.A.R. ni King's African Rifles, jeshi la askari wa Kiafrika chini ya Mwingereza, na kikosi cha sita cha hao kilianzishwa 1917 kwa kuchukua hata askari waliokuwa wa Mjerumani, watu wa humuhumu. Sasa huyo mwenye jina ana wajukuu mahali. Mimi ningemuuliza kwanza jamaa kaitoa wapi, nikapiga picha ukingo, nikatafuta ukoo kabla ya kutoa hata senti. Ukoo usipopatikana inunue, usikubali mtu alisugue lile jina, na iandike kwenye daftari pamoja na mahali ilipotokea. Na yule aliyeniuliza wiki hiyohiyo kuhusu nishani ya simba kasimama juu ya joka, hiyo ni ya vita ya pili, sura ya mfalme ni ya Metcalfe.

SWALI: Sarafu za zamani tunasafishia nini? Hapa Pasua watu wanatumia ndimu na majivu. (Mama wa Pasua, Moshi)

JIBU: Usisafishie kitu mama yangu, tafadhali. Hizo shilingi za fedha robo zina ngozi nyembamba ya fedha juu, ukisugua kwa majivu au stilwaya inatoka na shaba ya ndani inachungulia, hapo hata mnunuzi mpenda sarafu haitaki tena. Kama ina udongo iloweke kwenye maji safi, ikaushe kwa kitambaa laini kwa kugusa tu bila kusugua. Iweke kwenye bahasha ya karatasi, kila moja yake, usitumie vile vifuko laini vya plastiki vyenye harufu kali maana vinatoa utelezi wa kijani. Masika ikianza tupia humo vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinanyonya unyevu vizuri.