Usiisugue hiyo medali

Ndugu, umeuliza uisugue medali yako ya shaba ya enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, na ununue ipi baadaye. Tafadhali usiisugue! Ile rangi iliyokolea kwa miaka ikishatoka hairudi, na thamani inashuka nayo.

Baadaye tafuta tokeni za kizalendo za 1863, yaani vipande vya chuma vilivyotumika kama sarafu. Zina ukubwa wa senti ya Marekani. Watu binafsi walizitengeneza baada ya wananchi kuficha sarafu na chenji kuadimika. Mimi nazipenda zenye maneno ya Jenerali Dix wa jeshi la Kaskazini: nyingine zimekosewa, neno la Kiingereza SPOT (mahali) linasomeka SPOOT.

Beji za picha za uchaguzi wa urais wa 1860, Lincoln upande mmoja na mgombea mwenza wake Hamlin wa pili, ziangalie kwa lenzi. Picha halisi iko juu ya bamba jembamba la chuma. Ukiona vinukta vya uchapaji, ni nakala iliyochapishwa, achana nayo.