Italia nje ya Roma na Venice: mimi ningeanzia Matera

Ndugu yangu, umesema Roma, Florence na Venice umeshazimaliza, foleni zimekuchosha, na sasa una siku nane. Shuka kusini, mkoa wa Basilicata, ulale Matera angalau siku mbili.

Mitaa yake ya kale, Sassi, ni nyumba zilizochongwa ndani ya mwamba. Paa la huyu ndiyo njia ya yule. Watu waliishi humo pamoja na punda na kuku wao mpaka sheria ya 1952 ilipoamuru wahamishwe kwa sababu ya umaskini na maradhi. Mwaka 1993 UNESCO ikaitambua kuwa urithi wa dunia. Amka alfajiri, uvuke bonde la Gravina, kisha ugeuke utazame nyuma: mji mzima una rangi ya mkate. Na mkate wenyewe usiukose, wa ngano ngumu, ganda nene linalolia ukilivunja. Viatu vyako viwe vya soli inayoshika, mawe yale yanateleza mno.

Kutoka Bari, mji mkubwa wa pwani ulio jirani, kuna treni ndogo ya kwenda Matera, ya kampuni yake, si ile ya taifa, kwa hiyo tiketi yake ni ya peke yake. Ratiba ya Jumapili iangalie mapema.

Siku zikibaki, panda Ascoli Piceno, mkoa wa Marche, ule zeituni zilizojazwa nyama na kukaangwa. Kama huli nguruwe, uliza kwanza, maana mara nyingi huchanganywa.

Trieste naipenda sana, lakini iko mbali kaskazini. Iweke safari ijayo.