Kabla ya Mtihani wa Kreni, Jifunze Chati

Vijana wanaonipigia simu kutoka Kampala, Hoima, Arua na Tororo huniuliza jambo moja: nitapata wapi kreni ya kufanyia mazoezi? Wanaamini anayefeli mtihani wa opareta hufeli kwa sababu mikono yake bado haijazoea mtambo. Sivyo nilivyoona mimi. Wengi wa wale niliowashuhudia wakifeli walikuwa wameanza kama tanboi na riga, yaani mfungaji wa mizigo, wakizoesha mikono taratibu bosi anapokwenda kula, na bumu, ule mkono mrefu wa kreni, walikuwa wakiligeuza vizuri kabisa. Kilichowaangusha ni karatasi yenye tarakimu nyingi iliyobandikwa pembeni mwa kiti: chati ya mizigo, inayoonyesha kreni inaruhusiwa kubeba uzito gani kwa umbali gani. Kama una pesa kidogo na muda mfupi, viweke hapo kwanza.

Lakini nianze na vyeti, maana ndipo watu wanapoibiwa.

Perimiti ya udereva inakuruhusu kuipeleka kreni barabarani. Haikuruhusu kunyanyua hata ndoo ya maji. Hayo ni mambo mawili, na saiti kubwa huyauliza yote mawili. Kwa upande wa ujuzi, hapa Uganda Idara ya Mafunzo ya Viwanda, yaani DIT, ndiyo iliyowapima mafundi kwa miaka mingi, na hati yake ya Worker's PAS imewasaidia sana watu waliojifunza kazi kwa kuifanya, bila kukaa chuoni. Sheria mpya ya mafunzo ya ufundi (TVET) ya 2025 imegusa mpangilio wa bodi za upimaji, kwa hiyo usimsikilize rafiki aliyepimwa zamani. Nenda ofisini ukaulize utaratibu wa leo. Kwenye mafuta na gesi utasikia pia vyeti vya kimataifa kama vya OPITO, taasisi ya mafunzo ya sekta hiyo, na waajiri wengine wanajua NCCCO ya Marekani, inayowapima maopareta wa kreni, ambayo cheti chake hudumu miaka 5 kisha unapimwa upya.

Kipi ni bora? Ni kile ambacho mwajiri unayemlenga anakikubali. Muulize kabla ya kulipa ada. Mwenzangu mmoja aliuza ng'ombe wa nyumbani akalipia kozi nzuri ya kreni ya mnara, ile inayojenga maghorofa Kampala, halafu akaomba kazi ya kreni ya magurudumu kule Buliisa kwenye mafuta. Cheti kilikuwa halali, ila kilikuwa cha mtambo mwingine. Kreni ya lori, kreni ya minyororo, kreni ya mnara na ile ya juu ya karakana, kila moja ina cheti chake.

Na shule inayokuahidi cheti kwa siku moja bila kukugusisha mtambo, ikimbie. Cheti cha kweli kina namba, na namba hiyo mwajiri anaweza kuithibitisha kwa aliyekitoa. Kwenye miradi ya mafuta kama Tilenga, Kingfisher na bomba la EACOP, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani karibu na Tanga, watu wa usalama hawatazami rangi ya muhuri. Wanathibitisha.

Sasa chati.

Kreni ikiitwa ya tani 25, vijana wengi hudhani inabeba tani 25 popote. Inabeba uzito huo mzigo ukiwa karibu kabisa na mtambo, mara nyingi mita 3 hivi kutoka katikati ya mzunguko, bumu likiwa fupi na miguu ya kuitegemeza kreni imetolewa yote. Umbali huo kutoka katikati ya mzunguko hadi kwenye mstari wa kulabu ndio tunauita rediasi. Haipimwi kutoka kwenye tairi, wala kutoka kwenye mguu, wala kutoka kwenye kiti chako. Mtihani utakutega hapo: watakupa umbali kutoka ukingo wa mguu, nawe usiposoma vizuri utaingia kwenye chati na namba isiyo yako.

Chukua mfano huu ufanye kwa penseli. Una kitalu (bloku) cha zege chenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1. Hizo ni mita za ujazo 3. Zege yenye nondo huhesabiwa kilo 2,400 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kitalu kina kilo 7,200. Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo wanapofeli. Kapi la kulabu lina uzito, tuseme kilo 350. Mikanda ya kufungia mzigo na shakeli zake, tuseme kilo 80. Vyote hivyo kreni inavibeba. Kama kuna bumu dogo la ziada limefungwa ubavuni, kitabu cha mtambo kitakuambia utoe kiasi gani kwa ajili yake. Jumla yetu imefika kilo 7,630.

Tuseme chati yako inasema kwa bumu ulilolitoa, rediasi ya mita 8 inaruhusu kilo 8,300, na rediasi ya mita 10 inaruhusu kilo 5,600. Kitalu kiko kwenye rediasi ya mita 8. Utakinyanyua? Kijana mwenye haraka anajibu ndiyo. Lakini soma swali hadi mwisho: kitalu kinatakiwa kuwekwa kwenye rediasi ya mita 10. Utakinyanyua vizuri, utakizungusha vizuri, na ukianza kulaza bumu kukifikisha mahali pake, mtambo unaanza kuinuka nyuma. Rediasi kubwa kuliko zote katika safari ya mzigo, ndiyo unayoingia nayo kwenye chati. Swali la aina hii hupenda kurudi katika mitihani, na saitini ndilo linaloua watu.

Mengine ya chati nayataja upesi, ila uyafanyie mazoezi yote. Rediasi yako ikiangukia katikati ya mistari miwili, chukua mstari wa rediasi kubwa zaidi, usikisie kati. Urefu wa bumu ukiwa kati ya safu mbili, chukua uwezo ulio mdogo. Kumbuka kwamba bumu hupinda likibeba, na rediasi huongezeka kidogo mzigo ukiacha ardhi, hivyo usijipange hadi kwenye mpaka wa mwisho. Angalia kama namba ni za miguu iliyotolewa yote au nusu, na kama ni za nyuma, ubavuni au mzunguko mzima. Saiti nyingi zina mpaka wao, asilimia 75 au 80 ya uwezo wa chati, na ukiuvuka lazima mhandisi apitie mpango wa kunyanyua. Mzigo wetu pale mita 8 ulikuwa tayari kwenye asilimia 92.

Kuhusu chati za mitambo yetu: nyingi za kreni za kukodi Kampala zimetoka Uchina au zimetumika Japani kwanza, na maandishi yake unaweza usiyajue. Tarakimu zinasomeka, lakini maelezo ya chini ya chati ndiyo yenye masharti, kwa hiyo dai tafsiri kutoka kwa mwenye mtambo. Chati za Kimarekani zinakuja kwa futi na pauni. Futi moja ni mita 0.3048, pauni moja ni kilo 0.4536. Hizo ziwe kichwani.

Mzee mmoja wa Arua aliyenifundisha kazi alikuwa akinikalisha chini ya mwembe jioni, hakuna mtambo, ananipa kijiti nichore mchangani. "Bamba la chuma, mita moja kwa mita moja, unene milimita 10. Kilo ngapi?" Chuma ni kilo 7,850 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ni kilo 78.5. Ukilijua hilo, kila bamba unaloliona unaweza kulipima kwa macho. Tangi lililojaa maji nalo: kila mita ya ujazo ya maji ni kilo 1,000, na tangi lililoandikwa "tupu" lifungue uone kama ni tupu kweli. Nawafundisha vijana kwa njia ileile ya mzee, kwa sababu haihitaji ada wala dizeli.

Pembe za mikanda nazo zina swali lake. Mzigo wa tani 6 kwa mikanda miwili, kila mkanda haubebi tani 3 isipokuwa inaning'inia wima. Mikanda ikifanya nyuzi 60 na usawa wa mzigo, kila mmoja unabeba takribani tani 3.5. Kwa nyuzi 45 unabeba tani 4.2. Kwa nyuzi 30 kila mkanda unabeba tani 6 nzima, yaani umefunga mikanda miwili na kila mmoja unavutwa kana kwamba uko peke yake. Kazi ya kufunga ni ya riga, nakubali, lakini anayenyanyua ni wewe, na mtahini atakuuliza wewe.

Halafu ardhi. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu kwetu huku linapuuzwa kuliko yote. Sehemu kubwa ya viwanda vya Kampala imekaa kwenye mabonde yaliyojazwa marramu juu ya tope. Juu pamekauka, chini pamelowa. Tuseme mguu mmoja wa kreni umebeba tani 24, na kiatu chake ni sentimita 40 kwa 40. Hiyo ni mita za mraba 0.16, na ardhi inapokea tani 150 kwa kila mita ya mraba. Weka chini yake mkeka imara wa mbao ngumu wa mita 1.2 kwa 1.2, unashuka hadi tani 16.7 hivi. Mkeka uwe mgumu usiopinda, na usiwekwe juu ya karo, mtaro wala bomba lililofukiwa. Msimu wa mvua, kagua tena miguu baada ya kila mvua, hata kama asubuhi ulipima ukaona kreni iko sawa.

Nyaya za umeme: mitaani utakutana na za kilovolti 11 na 33. Kanuni za Marekani, ambazo vitabu vingi vya mtihani huzifuata, zinataka angalau mita 3 kwa nyaya zisizozidi kilovolti 50, na kama hujui umeme wake ni kiasi gani, kaa mita 6 au zaidi hadi utakapojua. Shirika la umeme lizime, au kreni isogee. Hakuna njia ya tatu.

Ishara za mikono usizisome kitabuni tu. Simama na mwenzako uwanjani, mmoja aonyeshe, mwingine atamke, mbadilishane. Ishara za mfumo wa Uingereza na za Marekani hazifanani zote, hivyo uliza mtihani wako unafuata upi. Jambo moja halibadiliki: ishara ya kusimama hutiiwa hata akiitoa mfagiaji. Kwa redio, kubalianeni maneno kabla mzigo haujaacha ardhi. Kwenye saiti za Bunyoro, upande wa Hoima, utakuta Mtanzania, Mkenya, Mchina na mtu wa Nebbi kwenye mzigo mmoja, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, lakini kila mmoja ana neno lake la "taratibu". Mkishapoteza mawasiliano, mzigo unasimama hapo hapo.

Siku ya vitendo, usikimbilie kupanda. Mtahini anaanza kukupa alama ukiwa chini: unazunguka mtambo, unatazama mafuta, tairi, waya uliokatika nyuzi, ulimi wa kulabu, kifaa kinachozuia kapi kugonga ncha ya bumu, na hati ya ukaguzi wa mtambo wenyewe. Ukipanda, fanya polepole. Utapitisha mzigo kwenye njia yenye milingoti na kuuweka ndani ya duara. Ukianza kuyumba, ufuate kwa bumu hadi utulie, usipigane nao. Kisha pengine watakupa mzigo usiofaa waone utafanyaje. Kataa, kwa sauti ya heshima, ukionyesha namba kwenye chati. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari, na opareta anayejua hesabu yake ndiye anayeweza kuitumia mbele ya bosi mwenye haraka.

Pima macho, masikio na presha mapema, si juma la mtihani. Na usiku wa kuamkia mtihani lala.

Ukishapata cheti, jiandikishe kwenye daftari la kitaifa la vipaji vya mafuta na gesi linalosimamiwa na Mamlaka ya Petroli, uweke nakala zako. Kisha nunua daftari lako mwenyewe, gumu, lisilochanika. Kila kazi andika tarehe, aina ya kreni, uzito, rediasi, bumu na jina la saiti, na msimamizi asaini siku hiyo hiyo. Usimwambie "kesho, mzee". Mradi ukiisha msimamizi huyo atakuwa amehamia Tanga au amerudi kwao, na utakapoulizwa uzoefu wako hutakuwa na wa kukusainia.