Meth, methadoni na mirungi: mnachanganya sana hili neno

Inboksi imejaa maswali ya neno moja, meth, yaani methamphetamine, basi ngoja niyamalize hapa hapa.

Methamphetamine maana yake nini hasa, mbona jina refu hivyo?

Jina la kikemia tu hilo. Amfetamini ni familia ya vichangamsho, sasa ile "meth" ya mbele inakwambia imeongezewa kipande kinaitwa methili, kaboni moja na haidrojeni tatu basi, ila hako kadude kanaifanya ipenye kwenye ubongo chap. Aliitengeneza kwanza Mjapani, Nagai Nagayoshi, 1893, halafu 1938 Wajerumani wakaanza kuiuza vidonge kwa jina la Pervitin, wanajeshi wao wakawa wanameza vitani ili wasilale.

Dada, mdogo wangu anakunywa methadoni Muhimbili, jirani kaniambia ndo meth hiyo hiyo. Nimelia usiku kucha.

Futa machozi mamangu, jirani kachanganya mafaili. Methadoni ni dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, yaani heroini, asipate arosto, yale mateso ya mwili unapoukosa unga, na Muhimbili wanaitoa tangu 2011, mdogo wako anapewa kwenye kikombe anakunywa pale pale nesi anamwangalia. Ile inamtuliza mtu. Meth ni kinyume kabisa, mtu anakesha hata siku tatu, chakula hataki, anasaga meno, mara anachungulia dirishani eti kuna watu wanamfuata na nje hakuna hata paka. Kufanana ni hizo herufi nne tu, na hata methanoli inayopofusha watu kwenye pombe feki inazo. Mwache aendelee na kikombe chake.

"Ice" nayo ni hiyo?

Ndo hiyo, sababu inakuwa vipande vinang'aa kama chenga za kioo. Cape Town wanaita tik, Ufilipino shabu. Sisi bado tunataja lile jina refu lote, Desemba 2023 zilipotangazwa zile kilo 3,182 za heroini na methamphetamine zilizokamatwa Dar na Iringa, kila mtu alilitamka la kwake, konda mmoja akasema "metafetamina" nikamwelewa.

Hospitali wanaitumia?

Marekani kipo kidonge cha cheti, Desoxyn, kwa wenye tatizo la kutotulia. Cha mtaani hujui kimepikwa na nini.

Na mirungi je?

Siyo meth, ni binamu. Ina kathinoni, ambayo ni jamaa wa amfetamini ila mdogo nguvu. Kenya ni zao halali, huku kwetu Bongo ukikutwa na kifurushi ni kesi.