Vuuu Nyuma ya Kwaya: Maswali Yenu Kuhusu Pawasaplai

Wiki hii karibu barua zote zimeangukia kwenye kitu kimoja: pawasaplai, lile boksi la chuma nyuma ya kompyuta linaloigawia umeme, ambalo hakuna anayelikumbuka mpaka linuke. Kosa ni langu. Niliandika hapa kwamba pawasaplai ya kimya yenye nyaya za kuchomoa ni raha, nikaishia hapo. Sasa nalipa deni.

Mwangaluka fundi. Nina studio ndogo Igoma, Mwanza, narekodi kwaya. Chumba ni kimoja: mimi, kompyuta na waimbaji. Sauti zikishuka tu, nasikia vuuu kwenye maiki. Nimeambiwa ninunue pawasaplai ya moduli, kelele itaisha. Ni kweli?

Mwangaluka. Aliyekuambia amechanganya mambo mawili. Moduli maana yake nyaya zinachomolewa: unachomeka unazozihitaji, zilizobaki unaziacha kwenye mfuko wake. Mkono unafaidi, macho yanafaidi, sikio halipati kitu. Ipo pia nusu moduli, ambayo nyaya za mazabodi (ule ubao mkuu wa kompyuta) na prosesa (ubongo wake) hazichomoki. Hizo utazitumia kwa vyovyote vile, kwa hiyo ukiona nusu moduli ni nafuu, chukua bila kujiuliza mara mbili.

Kelele inatoka kwenye joto. Tuseme kompyuta yako inakula wati 300. Pawasaplai yenye ufanisi wa asilimia 80 itavuta wati 375 ukutani, na zile 75 zinazopotea zinageuka joto ndani ya boksi, kama vile umefungia balbu ya zamani ndani ya debe. Yenye asilimia 90 itavuta kama 333, na joto linabaki wati 33. Feni ya kwanza inakimbia kuokoa maisha, ya pili inatembea. Ndiyo sababu nawaambia watu watafute nembo ya ufanisi ya 80 Plus, daraja la Gold. Daraja zake ni ile ya kawaida, halafu Bronze, Silver, Gold, Platinum na Titanium. Kwa studio, Gold inatosha. Pesa ya Titanium kanunulie maiki.

Ila nembo hiyo inapima umeme, haipimi kelele. Angalia na feni yenyewe. Ya milimita 135 au 140 inasukuma hewa nyingi kwa mizunguko michache, wakati ile ndogo ya milimita 80 inabidi ipige mbio na kulia. Kisha usinunue ya wati zinazokutosha kwa shida. Pawasaplai inayobeba nusu ya uwezo wake haitoki jasho.

Kabla hujatoa hata shilingi, kunja karatasi nene iwe bomba, weka upande mmoja sikioni, mwingine upeleke karibu na kila feni bila kuigusa. Mara nyingi mkosaji ni feni ya prosesa iliyojaa vumbi, na pawasaplai inasingiziwa tu. Na kama nyumba ni yako, toboa ukuta, kompyuta ikae chumba cha pili, upitishe nyaya ndefu za skrini na kibodi. Hakuna pawasaplai duniani yenye ukimya wa tofali.

Nikiweka ya wati 750, LUKU si itaisha haraka? Msomaji, Buhongwa.

Hapana. Hizo 750 ni uwezo wa kubeba, kama tani za lori. Lori la tani kumi likibeba gunia moja haliwi limebeba tani kumi. Kompyuta ikihitaji wati 200, itachukua 200 na kile kidogo kinachopotea njiani. Kinachogusa LUKU yako ni ufanisi. Kwa ile kompyuta ya wati 300 hapo juu, ukiitumia saa sita kwa siku, ya asilimia 80 inakula uniti 2.25, ya asilimia 90 inakula 2. Kwa mwezi ni uniti saba na nusu. Haikutajirishi, lakini ni zako.

Nimechomeka pawasaplai mpya, kompyuta inawaka vizuri, ila feni yake imesimama kabisa. Nimeuziwa mbovu? Mwanafunzi, Nyegezi.

Huenda umeuziwa nzuri kuliko ulivyodhani. Nyingi za kimya haziwashi feni mpaka joto au mzigo ufike kiwango fulani. Angalia nyuma kama kuna kitufe kidogo cha kuchagua feni izunguke muda wote au ipumzike. Fungua gemu zito kwa nusu saa, kisha weka kiganja kwenye matundu. Ikizunguka, rudi kasome. Ikiwa boksi linachoma mkono na feni bado imelala, hapo kamtafute muuzaji.

Pawasaplai yangu ya moduli imekufa. Nimepata nyingine bila nyaya, kwa bei ya kutupa. Nyaya za ile ya zamani zinaingia vizuri kabisa. Niwashe? Msomaji, Kirumba.

Usiwashe! Ukisoma hili wakati kidole kiko kwenye swichi, kitoe.

Kwa kompyuta za kawaida, upande wa waya unaoingia kwenye mazabodi au diski una kanuni moja dunia nzima. Upande unaoingia kwenye pawasaplai hauna. Kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, na hata ndani ya kampuni moja mpangilio hubadilika: Corsair wana nyaya za Type 3 na za Type 4, na ule waya mkubwa wa pini 24 wa moja haufai kwa nyingine. Plagi inaingia, inabana, inalia "kli", na wewe unaridhika. Ndani yake volti 12 zimepita njia ya volti 5.

Najua kwa sababu nilifanya mwenyewe. Nilibadilisha pawasaplai ya mteja usiku, nikaona uvivu kufumua nyaya nilizokwisha kuzifunga vizuri nyuma ya keisi, nikaziacha za zamani. Nilipobonyeza, feni zilistuka robo mzunguko zikasimama. Halafu ikaja ile harufu, tamu na kali kwa pamoja. Kwenye kibao cha kijani cha diski kulikuwa na doa jeusi dogo kuliko punje ya mtama. Diski mbili zilikwenda, moja ikiwa na picha za harusi. Mteja alinisamehe kuhusu diski. Kuhusu picha hajanisamehe mpaka leo, na sina la kumjibu.

Kwa hiyo pawasaplai ya moduli isiyo na nyaya zake ni nusu ya kifaa. Iache, au utafute nyaya za modeli hiyo hiyo. Ukinunua mpya, ule mfuko wa nyaya andika jina la pawasaplai kwa kalamu isiyofutika na uuweke mbali na mifuko mingine.

Nina Dell OptiPlex 9020 ya mtumba. Naweza kuiwekea pawasaplai ya kawaida ya kimya? Msomaji, Sengerema.

Si moja kwa moja. Mazabodi hiyo inapokea umeme kwa plagi ya pini 8, wakati za kawaida zinakuja na pini 24. HP nyingi za ofisini nazo zina plagi zao. Kuna waya wa kugeuza unaouzwa, lakini pima na nafasi kwanza, maana ile keisi nyembamba haipokei boksi la kawaida. Usipande kivuko au gari kuja mjini kabla hujaifungua, ukahesabu pini na kupiga picha.

Nimeona pawasaplai ya "wati 600" kwa bei ya viatu vya mtumba. Nichukue?

Inyanyue. Ikiwa nyepesi kama kopo tupu, irudishe mezani. Kisha soma lebo ubavuni, ule mstari wa +12V, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki zinakula hapo. Zidisha ampea kwa 12. Ikiandikwa 18A, hizo ni wati 216, hata kama ubavuni wameandika 600 kwa herufi za moto. Ya kweli ya wati 550 itakuonyesha ampea 45 hivi. Na ukikuta swichi nyekundu ya 115/230, hakikisha inasomeka 230. Umeme wetu ukiingia ikiwa kwenye 115, mlio wake utawaamsha majirani.

Tangu niweke ya Gold, umeme ukikatika UPS, lile boksi la betri la akiba, inazima papo hapo.

Pawasaplai za kisasa zinapenda wimbi laini la umeme, na UPS za bei ndogo zikiwa kwenye betri zinatoa wimbi la ngazi ngazi. Au pengine UPS ni ndogo kwa mzigo huo. Chomoa kila kitu ibaki kompyuta peke yake, ujaribu tena. Ikizima bado, utahitaji UPS ya wimbi safi.

Hapa Nansio wale vijidudu vya ziwani vikija usiku vinaingia mpaka kwenye kompyuta. Feni ya pawasaplai imeanza kukoroma. Niifungue niisafishe?

Boksi lenyewe usilifungue. Kapasita kubwa ya ndani, ile inayotunza umeme, inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa waya ukutani, na haikupi onyo. Zima, chomoa, toa boksi nje ya keisi, uzuie feni kwa kijiti cha mswaki isizunguke, kisha puliza hewa kupitia matundu. Utaona wanatoka wakavu kama majani ya chai. Ukilirudisha, panua kipande cha soksi nyepesi za kike juu ya tundu la kuingizia hewa, lisiwe zito, na ukikung'ute kila wiki msimu wao ukifika. Taa nayo iweke mbali na meza, kwa kuwa wao wanafuata mwanga. Ikiendelea kukoroma baada ya hapo, beringi imekwisha. Mpelekee fundi abadilishe feni.