Barua zenu: Tuhame bondeni au tubaki?

Barua za safari hii nyingi ni za nyumba, kodi na madeni, na karibu zote zimetoka Dar. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu sababu najua wengi mnaipitia hiyo hali hata kama hamjaandika.

SWALI
Habari za kazi dada. Nakaa Kigogo na mume wangu na watoto watatu. Nyumba ni yetu, vyumba vinne, viwili tumepangisha. Kwenye mradi wa bonde la Msimbazi, ule wa serikali wa kuwalipa watu wahame, sisi hatukuorodheshwa kwahiyo fidia hatuna, ila mvua ikizidi maji yanaingia mpaka sebuleni. Sasa kuna dalali kaleta mteja, mume wangu anataka tuuze twende Chanika tununue kiwanja kikubwa tujenge. Mimi nauza chapati na supu asubuhi hapa hapa Kigogo na wateja wangu ndo hawa majirani na vijana wa gereji. Halafu mvua iliyopita iliharibu vyombo vyangu nikakopa laki mbili kwa watu wa kausha damu, ile mikopo ya mitaani ya riba kubwa, narudisha elfu tisa kila siku kwa siku thelathini, yani sina pa kupumulia. Nikimwambia mume naogopa kuhama anasema wanawake hamuoni mbali. Nifanyeje?
Mama Watatu, Kigogo

JIBU
Pole sana dada yangu. Naanza na deni kwanza maana mtu anayedaiwa kila jioni hawezi kuamua jambo la nyumba akiwa ametulia, na dalali analijua hilo vizuri kuliko wewe.

Elfu tisa mara thelathini ni 270,000. Umechukua 200,000, kwahiyo riba ni 70,000 kwa mwezi mmoja, hiyo ni asilimia 35. Tangu ije Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mtu yeyote anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa hawa wakopeshaji kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki mbili hiyo ni shilingi 7,000. Wewe unatozwa mara kumi yake! Nenda kawaambie wakuonyeshe leseni, omba nakala ya mkataba, na kila unacholipa kiandikwe na kisainiwe. Wakikutishia kuchukua vitu ndani nenda serikali ya mtaa kabla hawajaja, usisubiri wakukute peke yako na watoto. Na nakuomba sana usikope kwa mwingine ili ulipe hawa, ndo mlango ambao wanawake wengi wameingia wakashindwa kutoka. Kama una kikoba (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana), uliza kuhusu mfuko wa jamii, ile hela ya pembeni mnayochanga kwa ajili ya misiba na magonjwa, mafuriko nayo ni janga na kikoba kinachojielewa kinaweza kukupa ya kumalizia siku zilizobaki bila riba. Kama huna kikoba basi hilo ndo jambo la kwanza kufanya deni likiisha.

Sasa kuhama. Mume wako kwenye maji yuko sahihi na nataka umwambie hivyo kabla hamjabishana. Maji ya Msimbazi yakiingia ndani hayaji maji matupu, yanakuja na vyoo vya mtaa mzima, na watoto ndo wa kwanza kuugua. Kubaki hapo milele sio jibu.

Ila kwenye hesabu amekosea, na naomba mkae chini na kalamu. Chanika na katikati ya mji ni mbali, tuseme nauli kwenda na kurudi ni 2,200 kwa siku, siku 26 za kazi ni 57,200 kwa mtu mmoja, na kama mtoto mkubwa atabaki shule ya huku ongeza na nauli yake. Hapo toa kodi ya vyumba viwili mtakayokuwa hampati tena. Toa wateja wako wa supu ambao Chanika hawakujui. Kama bomba halijafika huko kwenye kiwanja, weka na maji ya madumu: unit moja ni lita 1,000, hayo ni madumu 50 ya lita 20, dumu likiwa shilingi 300 unit moja imekutoka 15,000, linganisha na bili ya jirani aliyevuta bomba halafu uniambie nani analipa zaidi kwenye huu mji. Hilo mimi linaniuma kweli, kwamba mwenye kidogo ndo ananunua maji ghali, mkopo ghali, na akisukumwa pembeni mwa mji nauli nayo inamla.

Hili tulishaliona. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali iliwahamishia watu wa mabondeni Mabwepande, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya mji, wakapewa viwanja. Viwanja vya bure kabisa. Na bado wako waliorudi bondeni. Wakasemwa vibaya, ooh wabishi, ooh hawana shukrani, lakini kibarua chao kilikuwa mjini, wateja mjini, na kule mwanzoni huduma zilikuwa hazijafika, sasa mtu akae kwenye kiwanja kizuri ale nini?

Kwahiyo ushauri wangu: msiuze kwa huyu dalali mwaka huu. Ukiuza una deni na nyumba imetoka kulowa, bei anapanga yeye. Maliza deni, ingia kikoba, mnunue kiwanja taratibu wakati bado mnakaa mjini na mnaingiza hela, na kabla ya Chanika tafuteni kwanza huko juu, Mabibo, Mburahati, Tabata, hata kama ni kidogo mara tatu, kidogo cha karibu na biashara kinaweza kuwafaa kuliko kikubwa cha mbali. Kwa mvua inayokuja nyanyueni vitu, vyombo vya biashara viwekwe kwa mtu wa juu, vyeti na kadi za kliniki kwenye mfuko usiopitisha maji. Na wapangaji wako waambieni ukweli kuhusu maji, hao nao wana watoto.

Mambo mawili ya karatasi. Nyumba ya familia mumeo hawezi kuiuza bila ridhaa yako, hiyo ni Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59, na mkinunua kwingine jina lako liwepo kwenye mkataba, sio shahidi, mmiliki. La pili nenda manispaa uulize nyumba yenu iko umbali gani kutoka mto kwa vipimo vyao. Sheria ya mazingira inakataza kujenga ndani ya mita 60 za kingo za mto, na leseni ya makazi (karatasi ya kukaa kihalali kwenye eneo lisilopimwa, ipo kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999, inatolewa kwa muda usiozidi miaka mitano na inahuishwa) haitolewi kwenye ardhi hatarishi. Kama mko nje ya eneo hilo ombeni leseni haraka. Kama mko ndani basi angalau mmejua na mnapanga mkijua.

SWALI
Mhariri mimi nashangaa mnavyowatetea watu wa mabondeni. Wamejenga wenyewe, wameambiwa wahame hawataki, maji yakija wanalia na sisi walipa kodi tunabebeshwa. Kwanini wasibomolewe wote tukamaliza?
Kaka wa Kinyerezi

JIBU
Kaka asante kwa kuandika ulichonacho moyoni, najua hauko peke yako. Lakini sikubaliani na wewe.

Sensa ya 1967 Dar ilikuwa na watu kama 272,000. Ya 2022 imekuta zaidi ya milioni 5.3. Hao watu walikuja kufanya kazi, na mji unawahitaji, wanaobeba mizigo Kariakoo, wanaopika, wanaolinda mageti yetu usiku. Viwanja vilivyopimwa havikuwahi kuifikia hiyo kasi. Mwaka 2002 ulianza mradi wa viwanja 20,000, mradi mzuri, ila bei zake mbeba mizigo hakuziweza, vilichukuliwa na wenye nacho na vingine vikakaa majani tu miaka na miaka. Zaidi ya nusu ya wakazi wa huu mji wanaishi kwenye maeneo ambayo hayakupimwa kwanza, sasa utabomoa nusu ya mji? Na bonde lenyewe hata karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa pale Jangwani, maji yameingia mara nyingi. Kama taasisi yenye wataalamu ilikosea mahali pa kuweka mabasi usimlaumu sana mama aliyekuwa na laki tatu mkononi na dalali mbele yake.

Na kitu kingine kaka, wewe uko Kinyerezi. Msimbazi unaanzia milima ya Pugu na vijito vya upande wenu vinaingia humo humo. Kila tunapomwaga zege uani, kila bati lisilokuwa na mfereji wala tenki, kila mahali mchanga unapochimbwa mtoni na takataka kutupwa, maji yanashuka kwa kasi kwa wa chini. Kwahiyo walipa kodi wa juu nao wamo kwenye haya mafuriko.

Kuhama kunawezekana lakini kwa namna nyingine. Upanuzi wa bandari ulipowagusa watu wa Kurasini, kikundi cha wakazi wa kipato cha chini kupitia shirikisho lao la kuweka akiba walinunua ekari 30 Chamazi wakaanza kujenga kidogo kidogo, wakikopeshana. Haikuwa rahisi, imechukua miaka na Chamazi nayo ni mbali. Ila walichagua wao pa kwenda na majirani zao wakaenda nao, yule anayekuachia mtoto ukienda kazini bado ni yule yule. Hicho tingatinga halikupi. Kwako naomba jambo moja tu: weka tenki la maji ya mvua, na kwenye mkutano wa mtaa wenu pigania mifereji kabla ya lami.

SWALI
Shikamoo dada. Naendesha boda ya mkataba hapa Buguruni, nampa mwenye pikipiki hesabu elfu kumi kila siku mwaka mzima ndo iwe yangu. Pikipiki hiyo hiyo dukani ni milioni mbili na laki saba. Nikiumwa siku deni linasogea mbele. Nimesikia kuna mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ni kweli au ni ya wenye connection?
Kijana wa Buguruni

JIBU
Marahaba mdogo wangu. Hesabu yako ya mwaka ni 3,650,000, umezidishiwa 950,000 juu ya bei ya dukani.

Mikopo ipo kweli. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, nne kwa wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, na haina riba, iko kwenye sheria tangu 2018. Ilisimamishwa 2023 baada ya ukaguzi kukuta vikundi hewa na marejesho yasiyoonekana, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Hofu yako ya connection naielewa, hao wa vikundi hewa waliwanyima nafasi vijana kama wewe na inakera. Lakini usijitoe mwenyewe kabla hujanyimwa.

Usiende peke yako. Tafuta wenzio wa kijiweni mnaoaminiana, wasiokimbia marejesho, anzeni kuchanga hata elfu moja moja kwa siku sasa hivi na muandike kwenye daftari, maana kikundi chenye daftari la miezi kadhaa kinaongea tofauti na kikundi kilichoundwa jana. Kila mmoja awe na kitambulisho cha NIDA na leseni ya udereva. Kisha nendeni ofisi ya kata mkamuone ofisa maendeleo ya jamii, mumuulize masharti ya usajili wa kikundi, dirisha la maombi linafunguliwa lini, na majina ya waliopata mara ya mwisho yamebandikwa wapi. Hilo la mwisho liulizeni mkiwa wote.