Sahani ya saba

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara tatu. Unauliza uchukue ule mkopo wa benki ufungue duka la pili Buguruni, au usubiri. Nitakujibu. Ila kwanza niambie: wangapi wamekukopa wewe, na wanadaiwa kiasi gani?

Mimi mpaka leo nahesabu biashara kwa sahani. Kilo moja ya mchele natoa sahani saba. Sita zinarudisha mchele, nazi, maharage, mkaa na maji ya kununua. Ya saba ndiyo yangu, ndiyo iliyokununulia sare. Ukikopesha moja isilipwe, kilo nzima umepika bure, na moshi umeuvuta wewe. Sahani ya saba ndiyo biashara.

Hayo niliyajua pale kwenye geti la kiwanda, nilipokuwa nikiuza wali. Kile kibanda unakijua kwa masimulizi ya dada yako tu, wewe ulikuwa mgongoni. Ilikuwa miaka ya ruksa, ya Mzee Mwinyi. Maduka ya Ngamiani yamejaa vitu vilivyokuwa vimeadimika, huku kiwandani mitambo inasimama kwa kukosa vipuri. Vijana wa zamu walikula kwa daftari, mwisho wa mwezi wanalipa. Miaka miwili hawakunidhulumu hata senti. Kisha mshahara ukachelewa wiki, ukachelewa mwezi, ukaja mwezi wa pili. Nami napakua tu. Na mtaji wenyewe ulikuwa pesa ya mchezo wa kupeana kwa zamu, na kijumbe anayeikusanya anaujua mlango wetu!

Watu husema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo. Mali yangu ilipotea na habari zake zote, jina kwa jina, kwa mwandiko wa baba yako.

Ikafika Jumatatu moja nimebakiwa na kilo mbili. Nikasema leo hakopi mtu. Wa kwanza kufika, Mungu anisamehe, akawa yule fundi mpole wa boila, aliyekuwa akiniletea vipande vya mbao vya kuwashia moto bila kuombwa. Alikuwa anadaiwa sahani tatu. Wapo waliofika arobaini, wanacheka nami, wananiita shemeji. Nikamkatalia yeye, mbele ya watu, kwa sauti. Akasema, "Haya mama, Mungu akuzidishie," akarudisha kijiko mezani, akaenda zake. Punde wakaja wale wa shemeji, nikawapakulia. Sijui kwa nini. Najua: yeye hakunibembeleza.

Hakurudi tena. Kiwanda kikafungwa, nikaanza upya na vitumbua barazani kwa bibi yako, na kile kijiko mezani nakiona hadi leo.

Baba yako, Mungu amrehemu, alisema kosa langu ni kukopesha. Sikubali. Mtu wa mshahara anakula kabla ya mshahara; nisingekopesha, ile miaka miwili nisingepata mteja. Lakini mbona niliendelea mwezi wa pili? Labda alisema kweli. Ila naye hakuniambia nisimame, na kalamu alishika yeye.

Sasa mkopo wako. Benki haitakuita shemeji. Itataka rejesho lake mwezi wa wateja na mwezi wa mvua, na rejesho hilo litoke kwenye sahani ya saba, lisiguse zile sita. Duka la kwanza linakupa sahani ya saba? Neno langu liko kwenye ncha ya ulimi, mwanangu, nalimeza kwa shida, maana atakayelala na hilo deni ni wewe.

Ukija Idi, njoo na daftari, lile la karatasi lenye majina. Hesabu za kwenye simu ziache. Tutakaa barazani tulisome jina moja moja. Na yule mama wa jirani uliyesema hapiti tena dukani kwako tangu ulipomdai, alikuwa anadaiwa kiasi gani?

Mama yako